Mkate wa Kukausha na Deni la Meli

Anayetaka kuelewa imani ya mwanamke wa Kimennonite (Wakristo hawa wenye kuzungumza Kijerumani hubatiza tu mtu anayeamua mwenyewe na hukataa silaha) aliyehama Urusi kwenda Kanada miaka ya 1920 asianzie kanisani. Aanzie jikoni, siku tatu nne kabla ya safari, tanuri likiwa limewashwa alfajiri na halizimwi hadi usiku.

Kinachookwa ni zwieback, vimkate vya ghorofa mbili: donge kubwa chini, dogo limekaa juu yake kama kichwa. Jina hilo la Kijerumani maana yake ni kuokwa mara mbili, ingawa wanawake hawa waliliita hivyo hata mkate uliookwa mara moja tu na kuliwa Jumapili alasiri kwa kahawa. Wa safari ndio uliookwa mara mbili kweli.

Kipimo cha kawaida ni hivi. Maziwa vikombe viwili, yachemshwe kisha yaachwe yawe vuguvugu. Mafuta kikombe kimoja, siagi nusu na mafuta ya nguruwe nusu. Chumvi vijiko viwili vya chai, sukari kidogo, hamira, na unga wa ngano vikombe sita hadi saba kadiri unga utakavyokunywa. Ukandwe mpaka uache kunata mkononi lakini ubaki laini. Ukiwa mgumu kama wa chapati, umekosea. Ukishaumuka, mpishi anafumbata sehemu ya unga na kuukamulia juu, kati ya kidole gumba na cha shahada, mpaka kitoke kidonge cha mviringo, kisha anakikata kwa kubana vidole. Cha pili, kidogo zaidi, kinawekwa juu ya cha kwanza na kubonyezwa kwa kidole gumba katikati, kwa nguvu, karibu kidole kiguse sinia.

Hapo kwenye kubonyeza ndipo wanaoanza wanapoharibu. Wanaogopa kuuumiza unga, wanagusa juu juu tu, na mkate ukiingia motoni kichwa kinateleza na kulala ubavuni. Kosa la pili ni kufanya kichwa kilingane na mwili. Tanuri liwe la moto wa kutosha, dakika 15 hadi 20, mpaka rangi iwe ya dhahabu.

Kwa ajili ya safari, vimkate vinarudishwa kwenye tanuri ambalo moto wake umepungua hadi nyuzi 100 hivi, na kuachwa humo saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Moto ukizidi, nje hukauka na kuwa kahawia huku ndani kumebaki unyevu, na unyevu huo ukifungiwa sandukuni wiki mbili unazaa ukungu wa kijani unaoambukiza gunia zima. Kipimo ni kuvunja kimoja. Kikilia kwa mlio mkavu hadi katikati, kimeiva. Kikipinda hata kidogo, virudi vyote. Kisha vinatiwa kwenye mfuko wa kitambaa au foronya safi, kamwe si kwenye debe lililofunikwa vikiwa bado na joto.

Nimelikalia hili kwa sababu lilikuwa suala la uhai. Kundi la kwanza la zaidi ya watu 700 liliondoka Chortitza, ambayo leo iko Ukraine, tarehe 22 Juni 1923, likafika Rosthern, mkoa wa Saskatchewan, tarehe 21 Julai. Karibu mwezi mzima, na sehemu ya mwanzo ya safari watu walikaa ndani ya mabehewa ya mizigo. Jiko hakuna. Kilichopatikana stesheni za Urusi ni maji ya moto. Mama alishuka na birika, akarudi, akachovya mkate mkavu ukalainika, akawapa watoto. Atakayekwambia kwamba walivuka kwa imani, mkubalie, ila mwulize pia magunia ya mkate yalikuwa mangapi.

Waliondoka kwa nini? Vijiji vyao vilipita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1919 magenge ya wenye silaha yaliua wanaume na kubaka wanawake. Tifasi, homa inayoenezwa na chawa, ikafuata, kisha njaa ya 1921 na 1922, ambapo Wamennonite wa Marekani, kupitia kamati ya misaada waliyoiunda mwaka 1920, walifungua majiko ya kulisha watu. Kabla ya hapo familia nyingi zilikuwa na ardhi nzuri ya ngano, saa kubwa ya ukutani na kabati la nguo za harusi. Mwanamke aliyepanda behewa mwaka 1923 hakuwa mzaliwa wa umaskini. Alikuwa ameufahamu kwa miaka minne tu, na hilo linaeleza mengi juu ya aibu aliyokuwa nayo baadaye alipomwona binti yake akisugua sakafu ya mtu mwingine.

Mpakani mwa Urusi na Latvia, karibu na Sebezh, reli ilipita chini ya lango waliloliita Lango Jekundu. Treni ikishalivuka, watu waliimba wimbo wa kumshukuru Mungu. Tukio hili linapendwa sana, limesimuliwa katika kila familia. Lisilosimuliwa kwa furaha hiyo ni kilichofuata: daktari.

Kanada haikumpokea mtu mwenye trakoma, ule ugonjwa wa macho ambao sisi tunauita vikope. Daktari aligeuza kope la juu nje ili aone kama ndani kuna vinundu. Ilikuwa kazi ya sekunde chache, na ilitosha kugawa familia. Mtoto mmoja wa miaka sita akiwa na vinundu, yeye na mtu mzima mmoja walibaki Ulaya, na mara nyingi mtu mzima huyo alikuwa mama au dada mkubwa. Wengine walikaa Lechfeld, Ujerumani, wengine Atlantic Park karibu na Southampton, Uingereza. Tiba ya zama hizo ilikuwa kusugua ndani ya kope kwa kijiwe cha shaba ya buluu, tena na tena, wiki baada ya wiki. Kinaunguza. Mama ndiye aliyeshika kichwa cha mtoto. Kuna waliokaa miezi, na kuna waliokaa zaidi ya mwaka mmoja, mume akiwa ameshalima msimu mzima upande wa pili wa bahari.

Ugonjwa huu huenezwa kwa taulo na vidole, na kwa nzi pia. Ndani ya behewa lenye familia kadhaa na beseni moja la kunawia, mtu mmoja angeweza kuwaambukiza wote. Wanawake waliojua hilo walimtengea kila mtoto kitambaa chake, kimeshonwa alama pembeni. Ndugu, hapo ndipo palipo na elimu ambayo hakuna mhubiri aliyeihubiri.

Sasa deni. Serikali ya Kanada ilikuwa imewapiga marufuku Wamennonite mwaka 1919, ikaondoa marufuku hiyo mwaka 1922 kwa masharti: wawe wakulima, wakae mashambani, wasiwe mzigo kwa umma. Kampuni ya reli na meli ya Canadian Pacific ilikubali kuwasafirisha kwa mkopo, na David Toews wa Rosthern, mwenyekiti wa bodi ya Wamennonite iliyoshughulikia uhamiaji, alitia saini kwa niaba ya jamii ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa imeombwa ridhaa. Kufikia 1930 watu karibu 20,000 walikuwa wamevuka, na mkopo ulikuwa umepita dola milioni 1.7 kabla ya riba. Hati zilikuwa za wanaume. Tazama lakini fedha zilikotoka.

Shambani, ngano ilikuwa ya baba. Ikinyauka kwa ukame wa miaka ya 1930, au bei ikianguka, hakuna kitu. Fedha ndogo ndogo zisizokauka zilitoka kwenye mayai na krimu, na hizo zilipitia mikononi mwa mama. Maziwa yanapita kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, ambayo ndani ina sahani nyembamba za bati zilizopangwa moja juu ya nyingine. Krimu inatoka mdomo mmoja, maziwa yaliyochujwa mdomo mwingine, na kopo la krimu linapelekwa stesheni. Kiwandani krimu hupangwa daraja kwa harufu na uchachu, na daraja likishuka, hundi inashuka nalo.

Ugomvi wote uko kwenye kuosha zile sahani. Zioshwe kila mara baada ya kukamua, kwanza kwa maji baridi au vuguvugu, kisha kwa maji ya moto yenye magadi, halafu zitundikwe kwenye waya kwa mpangilio wake zikauke. Anayeanza na maji ya moto anaipika protini ya maziwa ikagandia bati, na kesho yake krimu inanuka. Msichana wa miaka kumi alikabidhiwa kazi hii, na alijua sahani ya tatu ikiwekwa mahali pa tano mashine haichuji vizuri. Hundi ya krimu ilinunua sukari, chumvi, uzi na viatu, na kilichobaki kiliingia kwenye deni.

Na bado haikutosha. Ndipo mabinti walipopelekwa mjini.

Hapa pana kinaya ambacho wazee wa kanisa hawakupenda kukitaja. Walihubiri kwamba mji ni mahali pa kupotea. Wanaume walikwenda shambani kulinda utengano na dunia, na mabinti wao, wengine hawajatimiza miaka 16, wakapelekwa peke yao Winnipeg, Saskatoon, Calgary na Vancouver kufanya kazi za ndani katika nyumba za Waingereza matajiri, kwa sababu mwanamke wa kazi za ndani alipata ajira hata wakati mwanaume alipokosa. Mshahara ulitumwa nyumbani. Binti alibakiza nauli ya tramu na sadaka.

Msomaji wa Mombasa au Tanga mwenye dada aliyewahi kufanya kazi za ndani Omani au Saudia atayatambua haya bila kuelezwa: lugha usiyoijua, jiko ambalo hujawahi kuliona, chumba cha juu darini au cha chini kabisa, kengele inayoita usiku, na mwenye nyumba anayedhani mshahara ni hisani. Tofauti moja kubwa ni kwamba mabinti hawa walijengewa mahali pa kukimbilia. Winnipeg kulikuwa na nyumba mbili za aina hiyo: Mary-Martha Home ya Ndugu Wamennonite (tawi lililojitenga na kanisa la zamani), iliyosimamiwa na Anna Thiessen, na Eben-Ezer ya Wamennonite wa ushirika mwingine wa makanisa, iliyosimamiwa na Helen Epp. Vancouver nako kukawa na zake.

Utaratibu ulikuwa wa vitendo kabisa. Binti akifika kwa treni anapokewa stesheni, haachwi atafute njia mwenyewe. Analala kwenye nyumba ile mpaka apate kazi. Mwajiri anapiga simu kwa msimamizi, si kwa binti, kwa hiyo msimamizi ndiye anayeuliza mshahara, saa za kazi, chumba cha kulala kina kufuli au hakina. Nyumba iliyokuwa na bwana asiyejiheshimu au bibi asiyelipa haikupelekewa binti mwingine. Asiyejua Kiingereza alifundishwa maneno ya jikoni kwanza. Akiugua, au akifukuzwa, anarudi pale bila kuulizwa sana.

Halafu kulikuwa na Alhamisi. Wafanyakazi wa ndani kwa desturi walipewa mapumziko Alhamisi alasiri, wote kwa siku moja, na siku hiyo nyumba ilijaa. Kahawa, zwieback, barua kutoka kijijini zikisomwa kwa sauti, lahaja yao ya nyumbani ya Kijerumani ikizungumzwa bila woga, kushona, kuimba kwa sauti nne, kisha Biblia na maombi. Aliyedhulumiwa alisema. Aliyekuwa na neno zuri juu ya bibi yake naye alisema. Makanisa kadhaa ya Wamennonite ya mijini yaliota kutokana na mikusanyiko hii ya wasichana, wakati viongozi bado wanabishana kama Mmennonite anaweza kuishi mjini akabaki Mmennonite. Kama ningeulizwa jambo moja ambalo wanawake wetu wanaokwenda Ghuba wangelihitaji kutoka katika historia hii, ningesema ni lile la siku moja ya mapumziko ya pamoja, na mwanamke mzima mwenye simu na daftari la nyumba mbaya. Mafunzo ya kabla ya kusafiri hayafiki hapo.

Kwa msomaji wa Mara niseme kitu, maana akisikia Mennonite atafikiria Shirati. Wamisionari waliofika huko mwaka 1934, Elam na Elizabeth Stauffer na wenzao, walitoka Lancaster, Pennsylvania. Hao ni ukoo wa Uswisi na Ujerumani ya kusini, waliokuwa Marekani tangu karne ya 18. Hawa wa Urusi asili yao ni Uholanzi na bonde la mto Vistula, Poland ya leo, na mkate wao, nyimbo zao na lugha yao ni tofauti. Wanakutana kwenye mambo matatu: ubatizo wa mtu anayeamua mwenyewe, kukataa silaha, na kutoapa.

Ubatizo uliwasumbua mabinti wa mjini kuliko tunavyodhani. Wamennonite wa kanisa la zamani walibatiza kwa kumiminia maji kichwani, mara nyingi Pentekoste, baada ya kijana kukariri katekisimu na kujibu maswali mbele ya wote. Ndugu Wamennonite, waliojitenga mwaka 1860, walizamisha mtoni, na kabla ya hapo walitaka ushuhuda: uliokoka lini, wapi, ulijisikiaje. Msichana wa kanisa la kumiminia aliyeolewa na kijana wa kanisa la kuzamisha aliambiwa abatizwe upya, au asipokewe kuwa mshiriki. Kwa mtu aliyekariri katekisimu nzima akiwa na njaa, kuambiwa kwamba ubatizo wake hauhesabiki kulikuwa kofi. Wengine walikubali na kuingia mtoni. Wengine waliketi miaka kwenye benchi la kanisa la mume wakiwa wageni.

Kanisani wanawake waliketi upande wao, na uamuzi ulifanywa na mkutano wa akina ndugu, yaani washiriki wanaume, ambako mwanamke hakupiga kura. Mhubiri, waliyemwita Ohm, hakulipwa mshahara, kwa hiyo akiwa nyumba hii na ile wiki nzima, ng'ombe wake walikamuliwa na mkewe. Hilo halikuandikwa kwenye vitabu vya kanisa. Mahali ambapo wanawake walikuwa na mamlaka ni chama cha kushona. Walikutana kwenye nyumba ya mmoja wao, wakashona mashati, foronya, aproni na mablanketi ya viraka, wakafanya mnada mwaka ulipoelekea kuisha, na fedha ile waliigawa wenyewe: kiasi hiki misheni, kiasi hiki hospitali. Ni bajeti ndogo, lakini hakuna ndugu aliyeinua mkono kuipinga.

Kuna jambo moja ambalo watu huwa hawalitarajii. Kwenye urithi, desturi yao ilikuwa mbele ya majirani wengi: mjane alibaki na nusu ya mali, nusu nyingine iligawanywa sawa kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, na kulikuwa na ofisi ya yatima iliyosimamia fungu la kila mtoto mpaka akue. Mwanamke asiyepiga kura kanisani alimiliki ng'ombe na shamba kwa jina lake.

Deni la meli lilimalizika Novemba 1946. David Toews, aliyelibeba karibu robo karne, alifariki Februari iliyofuata. Na tarehe 1 Februari 1947 meli nyingine, Volendam, ilikuwa imeng'oa nanga Bremerhaven na zaidi ya watu 2,000, Wamennonite waliobaki Urusi mwaka 1930 lango lilipofungwa na sasa walikuwa wakimbizi. Kanada haikuwa tayari kuwachukua. Walikwenda Paraguay.

Aliyeongoza safari ile pamoja na mumewe Peter alikuwa Elfrieda Dyck, muuguzi, mzaliwa wa Urusi mwaka 1917 ambaye mwenyewe aliletwa Kanada mtoto mwaka 1925. Mwaka 1948 aliongoza meli ya Charlton Monarch bila mumewe. Injini iliharibika katikati ya Atlantiki, na meli ikakokotwa hadi Recife, Brazili, ikiwa na watoto wagonjwa, na yeye ndiye aliyepaswa kujibu kwa kila mmoja.

Wanaume walikuwa wachache. Wengi walikuwa wamekamatwa miaka ya 1937 na 1938, wengine walipotelea vitani. Katika koloni la Neuland, ndani ya Chaco, nyika ya Paraguay, palianzishwa kijiji cha Friedensheim ambacho kwa sababu hiyo kiliitwa kijiji cha wanawake: wajane na watoto wakikata miti, wakijenga kuta za matofali ya udongo, wakilima kwa maksai. Na wengi hawakujua kama ni wajane. Mume aliyechukuliwa usiku mwaka 1938 huenda amekufa, huenda yuko kambini Siberia. Mwanamke aliyepata mwanaume wa kumsaidia aliulizwa na kanisa kama yuko huru kuolewa, na wapo walionyimwa meza ya Bwana wakati wazee, walioketi na wake zao Kanada, wakijadili. Baadhi ya wanaume walionekana wakiwa hai miaka ya 1950, kwa barua.

Chaco ngano haikustawi. Kilichostawi ni mtama na muhogo, na wanawake waliokwisha kuoka zwieback maisha yao yote wakajaribu kwa unga huo. Wewe na mimi tunajua mtama: ni ugali na uji mzuri, lakini hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa ya hamira. Donge la chini linapasuka, la juu halishiki. Kwa hiyo walitia unga wa ngano kila ulipopatikana, na siku ambazo ngano haikuwapo kabisa walioka donge moja tu, bila kichwa, wakalipeleka mezani Jumapili alasiri kwa jina lilelile.